Beki Aliyeandikwa Mwoka Mikate

Morogoro mjini
Jumapili, 19 Machi 1916

Kwako Veronika, mchumba wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii nampa Kristina apande nayo mlimani akishamaliza kuuza kabichi zake, maana posta siiamini tena. Isome peke yako kwanza, halafu uamue mwenyewe kama Mjomba Yohana aisome au asiisome. Niwie radhi kwa mwandiko.

Wareno tumekuwa maadui. Alhamisi asubuhi tuliitwa bomani kwa majina, Wareno wote wa mji huu, nasi tu wanne tu: fundi cherehani, mpishi wa wahandisi wa reli, mzee mmoja anayetengeneza saa, na mimi. Tulikwenda tunataniana njia nzima, tukidhani ni kuandikishwa upya. Ofisa akasoma karatasi kwamba Udachi na Ureno zina vita tangu tarehe tisa, na kila Mreno ni mfungwa kuanzia dakika ile. Mzee wa saa alicheka, akadhani hajasikia vizuri. Askari akamshika mkono, akaacha kucheka.

Wewe unajua nilivyokuwa natembea kifua mbele tangu vita vianze. Wenye maduka wa Kihindi wanalala roho juu kwa kuwa ni raia wa Mwingereza, mimi nchi yangu haina ugomvi na mtu. Natwarlal aliniambia wiki iliyopita tu, akinipimia chumvi, "Wewe Mreno, mama yako alikuzaa na bahati." Kumbe bahati yenyewe ilikuwa imebakiza siku nne.

Wenzangu watatu wamefungiwa ghalani karibu na stesheni. Mimi niliachwa nimesimama juani. Ofisa akafungua daftari, akataka nimweleze maisha yangu yote, nimetoka wapi na nimefanya kazi gani. Nikamweleza. Veronika, nitakuandikia hayo hayo niliyomwambia, kwa sababu wewe hujapata kuyasikia, na aibu yake ni yangu.

Mimi si mwoka mikate. Sijapata kuoka hata chapati ikaiva pande zote mbili.

Nimezaliwa kisiwani Ibo, pwani ya Wareno. Baba Mreno wa forodha, mama Mmwani, mwenyeji wa pwani hiyo, na karatasi zangu zinafuata za baba. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilikwenda Beira kupakua mizigo, na huko Waingereza wa reli walikuwa wanacheza mpira kila Jumamosi. Siku moja walipungukiwa mtu, wakaniweka nyuma, wakaniambia asipite yeyote. Hakupita yeyote. Tangu siku ile sikupakua mzigo tena. Klabu ya bandari ilinilipa kwa kazi hiyo tu, kusimama nyuma na kuzuia. Miaka mitatu Beira. Miwili Lorenso Markesi, kusini zaidi, ambako nilivunjwa pua na kushinda kikombe ndani ya mwezi mmoja. Mmoja na nusu Unguja, na Waingereza wa nyaya za simu. Huko ndiko mhandisi mmoja Mdachi wa reli aliniona, akanichukua nije kuzuia upande wa watu wake, kwanza Daressalaam, kisha hapa. Kazi hiyo kwa Kireno tunaiita beki.

Sasa sikia. Mwaka 1913, nilipofika hapa, karani Mdachi bomani aliniuliza kazi yangu, nikamwambia: beki. Akaandika. Kwao neno kama hilo ni mwoka mikate. Mimi sikujua mpaka siku padri alipoisoma karatasi yangu mbele ya Mjomba Yohana, na Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema mkate ni kazi ya heshima, si kama wahuni wanaokimbiza mpira. Nikanyamaza. Na wewe ulikuwa umesimama pale na unga kwenye viwiko, ukanitazama kama umempata ndugu wa tanuri moja. Ningesemaje?

Basi Alhamisi ofisa aliponiuliza, sikudanganya hata neno. Beki, Beira. Beki, Lorenso Markesi. Beki, Unguja. Yeye anaandika tu, na uso wake unazidi kulainika. Akasema jeshi limepoteza mwoka mikate wake kwa homa wiki iliyopita, na mtu wa kazi hiyo tangu ujana wake hawezi kuozea ghalani. Kesho Jumatatu naanza kwenye tanuri la jeshi. Wakigundua, hawatanirudisha ghalani tu. Watasema Mreno alijipenyeza kwenye chakula cha askari, na wewe unajua siku hizi mtu wa namna hiyo anafanywa nini.

Nifundishe. Nikasirikie baadaye.

Wako,
Fransisko

—

Misheni ya mlimani
21 Machi 1916

Fransisko,

Nimeisoma barua yako mara tatu, nimekaa chini. Wewe nimekujua tangu Pasaka ya mwaka juzi, na mwaka jana nilikuuliza, unatumia chachu gani, ukaniambia "ya kawaida," ukaanza kunisifia macho. Nikajisemea, huyu mwanamume ana haya. Kumbe hana chachu.

Na mtu analipwa kwa kuzuia wenzake wasipite? Hata mbuzi hufanya hivyo njiani na halipwi. Mjomba sijamwambia. Nikimwambia leo, kesho hakuna posa, hakuna mchumba, na mimi nitaozwa kwa yule mgane wa bondeni mwenye watoto sita. Kwa hiyo sasa tumedanganya wote wawili, na mimi nimezidi, kwa sababu ninakwenda kuungama kwa padri yule yule aliyeisoma karatasi.

Nitakukasirikia baadaye kama ulivyoomba. Nimelia kwanza, nikuambie ukweli, nikiwafikiria wale watatu ghalani na wewe ungekuwa wa nne.

Sikiliza sasa. Ngano hawana ya kutosha, meli hazifiki, kwa hiyo usitafute mkate mweupe. Chukua ngano sehemu moja, mtama sehemu moja, viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa sehemu moja. Chachu nimempa Kristina katika kibuyu. Ni togwa ya siku nne, imeshaanza kutoa povu. Usiifunge kwa nguvu, itapasuka. Kila jioni ilishe konzi ya unga wa ulezi na maji ya uvuguvugu, kama unavyolisha kuku. Ukiisahau siku mbili imekufa, na wewe umekufa.

Kanda mpaka unga uache kushika vidole. Funika kwa kitambaa kibichi. Subiri uvimbe mara mbili, uupige ngumi ushuke, subiri tena. Tanuri likiwa tayari, tia mkono ndani uhesabu mpaka kumi. Ukishindwa kufika kumi, moto ni mkali mno. Ukipita ishirini, bado.

Choma hii barua.

Veronika

—

Morogoro mjini
2 Aprili 1916

Veronika wangu,

Sikuichoma, niliikariri kwanza. Sasa nimeichoma.

Mikate ya Jumatatu ilitoka kama mawe ya mtoni. Sajini wa chakula aliupiga mmoja juu ya meza, meza ikaumia. Huyu mtu ananitisha kuliko ofisa mwenyewe. Mguu wake mmoja mbovu, anatembea kwa fimbo, na baba yake alikuwa mwoka mikate huko kwao Udachini. Anasimama nyuma yangu ninapokanda. Jumanne aliniuliza, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Beira walikula hii?" Nikamwambia Beira tulikuwa na ngano. Alinitazama mpaka nikahisi jasho linashuka mgongoni.

Jana askari wawili walikuja tanurini, wakanitaka nitoke nje. Nilijua yamekwisha. Nilinawa mikono polepole, nikasema Baba Yetu yote kimoyomoyo. Wakanipeleka mpaka uwanja wa stesheni, wakanionyesha wale wenzangu watatu wanabeba magogo kwenye jua, mzee wa saa anatokwa damu begani. Wakaniambia kwa amri ya sajini nichague mmoja wa kunisaidia kupasua kuni. Nikamchagua mzee. Veronika, mwenzangu fundi cherehani alinitemea mate. Anadhani nimejiuza.

Niambie, kwa nini unga wangu hauinuki?

Fransisko

—

Misheni ya mlimani
5 Aprili 1916

Fransisko,

Nimeshtuka kwa habari za huyo mzee. Mpe maji ya chumvi aoshe bega, na mpe kazi ya kukaa kitako.

Hauinuki kwa sababu una woga. Unaukanda kama mtu anayembembeleza mtoto wa mwenye nyumba. Wewe ulisema kazi yako ilikuwa kusimama nyuma mtu asipite, basi simama hivyo hivyo. Tumia mabega, usitumie vidole. Na tanuri lenu ni la matofali mapya, linameza joto. Liwashe saa mbili kabla, siyo moja.

Nakutumia kibuyu kingine, hicho cha kwanza naona umekiua. Nimekichanganya na chachu ya masista, inayolishwa tangu mwaka 1909. Wakijua watanifukuza jikoni kwao.

Veronika

—

Morogoro mjini
11 Juni 1916

Mpenzi Veronika,

Salamu nyingi kwako, na kwa Mjomba shikamoo yangu. Najua miezi miwili imepita. Nilitaka nikuandikie siku nitakapokuwa na jambo la kujivunia, na leo ninalo.

Umeinuka. Si mara moja, kila siku sasa, wiki ya tatu. Ganda linalia ukilibonyeza, ndani laini, harufu ya viazi inafika mpaka dukani kwa Natwarlal, naye ananitania kwamba nikifungua duka ubavuni mwake atahama. Ijumaa sajini aliuma kipande, akakaa chini juu ya gunia. Mzee wa saa akaninong'oneza, "Huyu analia." Kweli alikuwa analia. Akanambia mkate huu una uchachu wa mkate wa baba yake. Veronika, ile chachu ya masista! Sikujua nicheke au nikimbie.

Kuna jambo moja limeniuma, na najua wewe utaliona dogo. Jumapili iliyopita niliomba ruhusa nikacheze na watu wa reli, maana tangu Machi sijagusa mpira. Sajini akakataa. Akasema nikivunjika mkono jeshi litakula nini, mwoka mikate ni mali ya jeshi. Nikaomba basi nitazame tu. Akanambia hakuna cha kutazama, mpira wenyewe umekatwa, wamechukua utumbo wake kuzibia matairi ya baiskeli za maofisa. Kazi yangu ya miaka kumi imekwisha hivyo. Sikuumia goti, sikuzeeka, sikufungwa goli. Nilirudi tanurini nikakaa mbele ya moto, nikalia kama sajini.

Nambie Mjomba anasemaje juu yetu.

Fransisko

—

Misheni ya mlimani
9 Julai 1916

Fransisko wangu,

Silioni dogo. Nilisimama na barua yako jikoni mpaka sista akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ni mtu amestaafu.

Sasa sikia habari njema, ukae chini nawe. Nilimwambia Mjomba kila kitu. Ndiyo, kila kitu, mpira, Beira, karani, kibuyu. Niliona bora nipigwe mara moja kuliko kuogopa kila siku. Alichukua jembe, akaenda kwenye mihogo yake tangu asubuhi mpaka mchana, akarudi. Akasema: "Alikuwa mwongo Machi. Sasa ni Julai, na Kristina aliniletea kipande, nimekila. Mtu huyu ni mwoka mikate." Amekubali. Upande wa mama wamekutana, na siku wametaja wenyewe: Jumamosi, tarehe mbili Septemba, padri tayari ameandika.

Kwa hiyo usilegee. Watu wanaopita hapa wanasema Waingereza wanakuja kutoka kaskazini, na Wadachi wakibanwa huwa wakali kwa wafungwa. Wewe oka vizuri zaidi ya ulivyooka. Mtu mwenye faida hawamgusi. Tia asali kidogo ukipata, ganda litapendeza. Kila mkate mzuri unaotoka pale nauhesabu kuwa siku moja mbele kufikia tarehe mbili.

Ninakupenda, na hasira zangu zimekwisha. Nilitaka ujue.

Veronika

—

Morogoro mjini
Alhamisi, 24 Agosti 1916

Veronika,

Kristina anaondoka sasa hivi, anasema harudi tena mpaka mji utulie, kwa hiyo sina nafasi ya salamu.

Wadachi wanahama. Mizinga inasikika upande wa kaskazini tangu jana. Wanapandisha watu na mizigo kwa njia za mlima, wanazunguka kwenda Kisaki. Wanachoweza kubeba wanabeba, wasichoweza wanachoma. Usiku wa kuamkia leo tanuri langu lilifanya kazi bila kupoa.

Asubuhi nilimwuliza sajini, wafungwa nao wanakwenda? Akanambia hapana, midomo ya bure, wanaachwa ghalani, Waingereza watawalisha wenyewe. Moyo wangu uliruka. Nikajisemea basi, siku mbili tatu nami nitakuwa huru, nitapanda kwako kwa miguu yangu. Ndipo akasema, "Wewe unakwenda. Jeshi halitembei bila mkate."

Nikafikiria, nikaona lililobaki ni moja, ukweli. Nikavua aproni nikamwambia: Bwana Sajini, mimi si mwoka mikate. Ni makosa ya karani. Mimi ni mcheza mpira, beki, nazuia watu, nimefanya hivyo Beira, Lorenso Markesi na Unguja, sikupata kuoka mpaka Machi mwaka huu. Nimewadanganya. Nirudishe ghalani na Wareno wenzangu, au unipige, fanya utakavyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua mkate wa moto kutoka kwenye ubao, akaumega, akatafuna taratibu huku akinitazama. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema amelelewa tanurini, na mtu anaweza kudanganya kwa mdomo, hawezi kudanganya kwa mkate. Akasema kila mtu anataka kubaki, wapagazi wamejitia vilema, makarani wamejitia wazimu, ila uongo wangu ndio mzuri kuliko wote. Nikamwambia nipe mpira nikuonyeshe. Akacheka zaidi. Mpira uko kwenye matairi.

Mzee wa saa nimemrudisha ghalani kwa wenzake. Hilo sajini alikubali, mzee hana kazi mlimani. Fundi cherehani alinishika mkono kupitia dirishani, akaniomba radhi. Wao watatu wanabaki.

Nimefungwa kamba kiunoni pamoja na mpagazi mmoja ili nisitoroke. Kibuyu cha chachu kimefungwa shingoni mwangu, amri ya sajini, kisimwagike. Tunaondoka alfajiri. Wanasema baada ya Kisaki ni kusini, mtoni Rufiji, na baada ya hapo hakuna anayesema.

Tarehe mbili usinisubiri kanisani. Utaaibika bure.

Fransisko

—

Morogoro mjini
Alhamisi, 31 Agosti 1916

Fransisko,

Sijui nani ataibeba barua hii. Njia ya Kisaki imejaa bunduki, na kila ninayemwomba ananitazama kama nimerukwa na akili. Naandika tu, nikinyamaza nitapasuka.

Niliteremka na Mjomba Jumatatu. Alikataa nije peke yangu. Waingereza waliingia Jumamosi, siku moja tu baada yenu. Siku moja, Fransisko. Walivunja mlango wa ghala hata kabla hawajanywesha farasi wao. Nimewaona wenzako kwa macho yangu, watatu wote, wamekaa kwenye benchi nje ya duka la Natwarlal, wanakunywa chai kwenye vikombe. Mzee wa saa aliponitambua aliweka kikombe chini, hakukinyanyua tena. Mpishi analia hovyo. Fundi cherehani ndiye aliyenieleza mlivyoondoka, kamba kiunoni, na kwamba uligeuka nyuma mara mbili.

Mjomba alivua kofia akasimama hivyo hivyo juani.

Nilikwenda tanurini. Askari wa Kiingereza wamejaa pale, vijana wamekonda, mashavu yameingia ndani, wanasema hawajala mkate tangu mwezi wa tano. Walikuta kapu lako ulilolifunika kwa gunia, mikate ya usiku ule mliyoshindwa kuibeba. Walikuwa wanagawana kwa kisu. Niliomba kipande. Mmoja alinipa, akanionyesha kwa mkono ni mzuri, mzuri sana, kana kwamba mimi nisingejua.

Nilikaa chini juu ya kizingiti nikala. Ulikuwa na siku tano na bado laini. Umetia asali. Ganda limepasuka pale pale panapotakiwa, katikati, siyo pembeni. Mimi nimeoka miaka saba kwa masista na sijapata kutoa mkate kama huo hata siku moja.

Wewe ulinitaka nikufundishe, nikakufundisha kwa moyo wote. Ningejua, ningekufundisha vibaya.

Veronika